Umeachishwa kazi Uganda na hali ni ngumu: mwongozo kamili kuanzia siku ya barua

Siku kumi na moja mfululizo nilitoka nyumbani Kawempe na shati lililopigwa pasi, nikamuaga mke wangu kana kwamba naenda ofisini, ilhali ofisi haikuwepo tena. Ilikuwa mapema 2025. Nilikuwa mtunza bohari katika mradi wa afya uliokuwa ukiendeshwa kwa pesa za Marekani. Tarehe 20 Januari mwaka huo Washington ilisimamisha misaada yake ya nje, na wiki chache baadaye barua zikaanza kugawiwa. Kila asubuhi nikapanda teksi hadi mjini, nikashinda kivulini uwanjani mwa msikiti mkubwa wa Old Kampala na begi langu miguuni, jioni nikarudi na uchovu wa uongo.

Nauli ilikuwa 5,000 kwa siku, chakula cha mchana 4,000. Zidisha mara kumi na moja. Karibu laki moja imeteketea kwa kuigiza, na katika siku zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba natafuta kazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeyaona kwa macho yangu.

Basi mwongozo huu nimeuandika kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anipe mimi siku ile ya barua. Hauanzi na kuandika wasifu. Unaanza na karatasi na pesa, kwa sababu anayetafuta kazi huku mwenye nyumba anagonga mlango hukubali chochote, hata kazi isiyolipa.

Hatua ya 1: Soma kabla hujatia saini

Utaitwa chumbani, utapewa barua mbili. Moja inasema kazi imekwisha. Ya pili, aghalabu fupi, inasema umelipwa kila kitu na hudai chochote. Hiyo ya pili ndiyo hatari. Waambie kwa upole kwamba unaomba kwenda kuisoma nyumbani, utairudisha kesho. Kama wanakulazimisha kuthibitisha kwamba umepokea barua, andika kwa mkono wako "nimepokea tu, sijakubali hesabu", tarehe, kisha saini. Piga picha kila ukurasa.

Kabla kompyuta na baruapepe za kazini hazijafungwa, kusanya vitu vyako: mkataba wa kazi, barua ya kuajiriwa, hati za mshahara za miezi kumi na miwili ya nyuma, barua za kupandishwa cheo, rekodi ya likizo. Usichukue siri za kampuni wala orodha ya wateja. Hiyo ni kesi nyingine. Omba pia cheti cha utumishi, karatasi inayoeleza ulifanya kazi gani na kuanzia lini hadi lini. Sheria inakupa haki ya kuiomba, na miradi ikishafungwa hutampata mtu wa kukuandikia. Mwenzangu mmoja aliahirisha hadi mwezi wa sita. Alipofika alikuta jengo lina mpangaji mpya, wanauza vigae.

Hatua ya 2: Igeuze sheria kuwa shilingi

Sheria ya Ajira ya 2006 ina namba chache ambazo kila mfanyakazi angezijua kama anavyojua bei ya sukari. Notisi inategemea muda uliofanya kazi. Ukipita miezi sita lakini hujafika mwaka, ni wiki mbili. Kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya mitano, mwezi mmoja. Mitano hadi chini ya kumi, miezi miwili. Kumi na kuendelea, miezi mitatu. Mwajiri asiyetaka uendelee kuja kazini katika muda huo anaweza kukulipa mshahara wake badala yake.

Ongeza siku za likizo ambazo hukuzichukua (sheria inakupa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka), na mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huo. Malipo haya yanatakiwa kutoka ndani ya siku saba tangu ajira iishe. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kama uliajiriwa mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenu, zipo hali ambazo mwajiri anawajibika kukugharamia kurudi nyumbani. Uliza.

Kwangu hesabu ilikuwa hivi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita, nao wakaniandikia notisi ya mwezi mmoja. Sikupiga kelele. Niliandika barua ya aya mbili: nilianza tarehe fulani, nimemaliza tarehe fulani, kwa hiyo sheria inasema miezi miwili, naomba tofauti. Walijibu kwamba mradi umekufa na pesa hakuna. Niliwajibu kwamba basi nitamwomba afisa kazi atusaidie kuelewana. Wiki mbili baadaye pesa iliingia.

Huyo afisa kazi ndiye mlango wako usiolipiwa. Kila wilaya inatakiwa kuwa naye, na Kampala utamkuta kupitia KCCA, mamlaka ya jiji. Ukiona uliachishwa isivyo haki, kwa mfano ulifukuzwa kwa kosa bila kupewa nafasi ya kujieleza, una miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa kupeleka malalamiko kwake. Miezi mitatu huisha haraka mtu akiwa anaona aibu. Ikishindikana kwake, njia inaelekea Mahakama ya Viwanda. Kwa msaada wa kisheria usiohitaji mfuko mnene, ulizia Platform for Labour Action au FIDA-Uganda.

Kama wameachishwa watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi, mwajiri alitakiwa kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Mkiwa kundi, nendeni kundi. Barua moja yenye majina ishirini hujibiwa mapema kuliko barua ishirini.

Kuhusu kodi: malipo ya kuondoka hukatwa kodi kama mshahara, usishtuke. Lakini fidia ya kuachishwa kwa mtu aliyemtumikia mwajiri huyo miaka kumi au zaidi, robo yake haitozwi. Ikiwa wewe ni wa miaka kumi, tazama kama mhasibu amekumbuka.

Hatua ya 3: NSSF, na ndoto ya kuzichukua

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu huuliza ni kama anaweza kuchukua akiba yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, sasa hivi. Kwa wengi wetu jibu ni hapana, afadhali ulijue mapema kuliko kuahidi watu pesa isiyotoka. Mafao ya uzee ni miaka 55. Ukiwa na miaka 50 na umekaa mwaka mzima bila ajira, unaweza kuomba. Marekebisho ya sheria ya 2022 yalileta njia ya katikati: aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka kumi anaweza kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake, mwenye ulemavu, kuanzia miaka 40, hadi asilimia 50. Kijana wa miaka 33 hana lake hapo.

Kuna kazi moja lazima uifanye hata kama huzigusi. Angalia taarifa ya akaunti yako mwezi kwa mwezi. Kila mwezi ilitakiwa kuingia asilimia 15 ya mshahara: tano zilizokatwa kwako, kumi za mwajiri. Ukikuta miezi mitupu ilhali hati yako ya mshahara inaonyesha ulikatwa, peleka hati hizo NSSF mara moja. Ndiyo maana nilikwambia uzichukue.

Hatua ya 4: Sema nyumbani, halafu fungua daftari

Nilimwambia mke wangu usiku wa siku ya kumi na moja. Alinitazama kwa muda, akasema, "Baba Hamza, nilijua tangu wiki iliyopita. Hujawahi kurudi na viatu visafi namna hii." Kisha akaleta daftari la shule lililobaki kurasa chache. Tulikaa nalo hadi Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia.

Upande wa kushoto tuliandika mwezi wa kawaida ulivyokuwa: kodi ya nyumba 250,000, chakula 300,000, nauli 130,000, chakula changu cha mchana 100,000, umeme, maji na makaa 90,000, simu na data 50,000, michango ya harusi 80,000. Jumla milioni moja kamili. Mkononi, baada ya makato, nilikuwa na 3,600,000. Ni miezi mitatu na nusu tu.

Upande wa kulia tukaandika mwezi wa dhiki. Kodi ilibaki 250,000. Chakula kilishuka hadi 230,000, kwa sababu maharage na unga tulianza kununua sokoni Kalerwe asubuhi kwa wingi badala ya dukani kwa vipimo. Nauli 40,000, ya safari zenye sababu tu. Umeme, maji na makaa 70,000, simu 30,000. Mchana nikala nyumbani, na kadi za harusi tukazijibu kwa dua. Jumla 620,000. Tukaweka kando 500,000 za karo ya muhula, zikabaki 3,100,000, yaani miezi mitano. Mwezi mmoja na nusu umezaliwa kwenye karatasi ya daftari, bila mtu kupata shilingi ya ziada. Alichoshona mke wangu hatukukihesabu; kikaingia kama baraka.

Fanya hesabu hii usiku wa kwanza. Wa kumi na moja umechelewa.

Kisha nenda kwa wanaokudai kabla hawajaja kwako. Mwenye nyumba: mweleze, mpe tarehe, lipa hata nusu kwa siku uliyotaja. Ajue pia nawe unajua kwamba tangu Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022, kukutoa kwenye nyumba kunahitaji amri ya mahakama, siyo kufuli usiku. Lakini usianze na sheria. Anza na heshima. Shuleni, mwone mhasibu au mwalimu mkuu wiki ya kwanza ya muhula, siyo siku mtoto anaporudishwa nyumbani.

Benki ndiyo inahitaji akili zaidi. Kama una mkopo wa mshahara, malipo yako ya mwisho yataingia kwenye akaunti ileile wanayokata mkopo, na unaweza kuamka ukakuta zimemezwa. Nenda mapema ukiwa na barua ya kuachishwa, uombe urefushiwe muda. Uliza swali hili kwa maneno haya: mkopo wangu una bima, na je, bima hiyo inagharamia kupunguzwa kazini? Baadhi ya bima hizo hulipa marejesho ya miezi kadhaa. Tulikuwa wengi tuliokatwa hiyo bima miaka yote bila kujua imo.

Mkopeshaji wa mtaani anayetaka kubaki na kadi yako ya ATM na namba ya siri, au hati ya kiwanja, mkimbie. Kuuza televisheni kunauma mara moja.

Hatua ya 5: Usizike kiinua mgongo kwenye kuku

Nikisema hivi najua nagusa pabaya. Kila aliyeachishwa kazi Uganda ana rafiki mwenye mradi wa kuku wa nyama: vifaranga mia tano, wiki tano au sita, unauza, unarudia. Kwenye karatasi hawafi, na chakula chao hakipandi bei. Mimi sina ugomvi na kuku. Nina ugomvi na kujifunza ufugaji kwa pesa ya karo. Ukitaka, anza na hamsini, na kabla ya kununua hata kifaranga kimoja tafuta nani atawachukua wiki ya sita, kwa sababu kuku aliyekomaa anaendelea kula wakati wewe unatafuta mteja.

Boda nayo. Kununua pikipiki na kumpa kijana akuletee kiasi kwa siku ni biashara, ila inamhitaji mwenye kuifuatilia kila jioni na anayejua fundi mwaminifu. Mradi wa simu unaoahidi kuzidisha pesa kwa mwezi, huo sina la kusema; umewala wenye digrii.

Kanuni yangu ni hii: miezi miwili ya kwanza, pesa ya kuondoka haianzishi kitu kinachozidi sehemu ya kumi yake. Biashara inayokubalika ni ile uliyowahi kuifanya au uliyokaa kando ya anayeifanya ukihesabu naye. Ukianza, andikisha jina URSB, ofisi ya kusajili biashara, na pata TIN, namba ya mlipakodi, kutoka URA, mamlaka ya mapato. Kwa mauzo yasiyofika milioni 10 kwa mwaka hakuna kodi ya mapato unayodaiwa, ingawa leseni ya biashara ya manispaa au KCCA ni suala lake. Milioni moja ya mkopo wa serikali wa Parish Development Model kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka ililengwa kaya zinazolima kwa kujilisha tu, na hupitia SACCO ya parokia (ya utawala, si ya kanisa) unakoishi. Ukirudi kijijini na ukawa mkazi kweli, uliza huko. Ukiwa mpangaji wa Kawempe mwenye tai, usiisubiri.

Kurudi kijijini si kushindwa, lakini kuna kalenda. Mvua za kwanza ni Machi hadi Mei, za pili Septemba hadi Novemba, na maharage hukaa shambani kama miezi mitatu. Aliyeachishwa Juni akaenda kulima Julai atakuwa mgeni wa kaka yake hadi Krismasi.

Hatua ya 6: Tangaza, na utaje kazi kwa jina

Sasa turudi Old Kampala, kwa sababu kazi yangu ilianzia pale.

Siku ile ya kumi na moja, askari wa ulinzi pale karibu, mzee wa Arua aliyestaafu jeshini, alinijia na Kiswahili chake cha kambini. "Ndugu yangu, leo siku ya tisa nakuona na hiyo begi. Ofisi yako ndiyo hiki kivuli?" Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kusikia. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini hasa. Nikasema: kupokea mali, kuhesabu, kuandika kilichoingia na kilichotoka. Afande akakuna kidevu. "Kuna mama mmoja wa Bunia, kule Kongo, anachukua mali Kikuubo kwenye maduka ya jumla. Kila safari anaibiwa kwenye hesabu. Wewe unaweza kuhesabu katoni bila kulala?"

Angalia kilichotokea. Sikumwambia "natafuta kazi yoyote". Ukisema kazi yoyote, anayekusikiliza hana mahali pa kukuweka kichwani mwake. Ukisema "kuhesabu mali", anamkumbuka mama wa Bunia. Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa.

Chukua daftari lile lile, ukurasa mpya. Andika watu arobaini: mliosoma pamoja, waliokuwa wasambazaji wa ofisi yenu, madereva, wahudumu wa msikiti au kanisa, mwenyekiti wa mtaa (LC1), wajomba, wanachama wa kikundi chenu cha akiba. Wasambazaji na madereva waweke juu, kwa sababu wao huingia ofisi nyingi kwa wiki kuliko meneja anavyoingia kwa mwaka. Kila siku wasiliana na watano. Ujumbe uwe mfupi, mfano huu:

"Habari za siku, mzee. Mradi wetu ulifungwa mwezi wa pili. Nimetunza bohari miaka sita: kupokea mali, kuhesabu, kuandaa ripoti ya mwezi. Natafuta kazi ya namna hiyo Kampala, Jinja au Mbale, hata ya muda. Ukimsikia anayehitaji, naomba umpe namba hii. Ahsante sana."

Usiutume kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili ukalala. Mtumie mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Andika tarehe, na baada ya wiki mbili mjulie hali bila kuomba tena; mwenyewe atakumbuka.

Wasifu uwe kurasa mbili. Juu kabisa namba ya simu inayopatikana muda wote. Badala ya "niliwajibika na shughuli za bohari", andika ulichofanya kwa namba: vituo vingapi ulivipelekea dawa, ulipunguza vipi mali iliyokuwa ikiharibika. Waliokubali kuwa wadhamini wako wapigie kwanza, uwaambie ni kazi gani, wasije wakashtukizwa sokoni. Weka pamoja nakala za kitambulisho cha taifa, vyeti vya mitihani vya UNEB, TIN na namba ya NSSF kwenye bahasha moja na kwenye simu. Kitambulisho kilichoisha muda kishughulikie NIRA, mamlaka ya vitambulisho, sasa, si siku ya kuitwa.

Kwa kazi za serikali, matangazo hutoka kwenye magazeti na mbao za makao makuu ya wilaya. Tume ya Utumishi wa Umma ndiyo ya serikali kuu, na kila wilaya ina tume yake. Soma maelekezo neno kwa neno, kwani fomu iliyokosewa haiwekwi hata pembeni. Mchakato ni mrefu. Omba, kisha endelea na maisha. Akitokea mtu wa kukuambia nafasi ipo ila inahitaji "kitu cha bosi", jua kwamba nafasi hiyo ameshaiuza kwa watu saba. Kuomba kazi ya serikali hakulipiwi.

Waliosomea uhandisi, uchomeleaji, usalama kazini, uendeshaji wa magari makubwa: jiandikisheni kwenye rejesta ya taifa ya vipaji vya mafuta na gesi inayosimamiwa na Petroleum Authority of Uganda. Bomba la mafuta ghafi la EACOP lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kujiandikisha hakukuhakikishii kitu, ila kutojiandikisha kunahakikisha.

Kiswahili chako ni cheti ambacho hukukitundika ukutani

Sisi tunaosoma Kiswahili Uganda tumezoea kukisikia kikiitwa lugha ya kambini au ya wezi. Hali imebadilika kuliko tulivyobadilika sisi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umekifanya Kiswahili somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kiwe lugha rasmi, na mwezi huohuo Kongo ikakamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu hawatoshi. Ukiwa na shahada ya ualimu na Kiswahili kimo ndani yake, zungukia shule binafsi kwa miguu, mwezi mmoja kabla muhula haujaanza. Usiye mwalimu, usijifanye. Ila masomo ya jioni kwa watu wazima, maofisa na wafanyabiashara wanaokwenda Goma au Mombasa hayahitaji zaidi ya uvumilivu na ubao.

Wafanyabiashara wa Kongo huja Kampala na pesa taslimu, na wengi hawana Kiganda wala Kiingereza. Wanahitaji mtu wa kuwasomea ankara, kuwapigia bei, kuongea na wakala wa forodha kwenye mpaka wa Mpondwe au Goli. Yule mama wa Bunia alinijaribu siku tatu kwa 30,000 kwa siku. Siku ya kwanza ankara ilisema katoni 240 za sabuni. Nilisimama kwenye mlango wa lori na chaki, kila katoni ya kumi nikaipiga mstari ubavuni. Zilifika 228. Kijana wa duka akasema nimekosea. Tukazishusha zote mbele yake, tukahesabu mistari. Zikaletwa katoni kumi na mbili kutoka nyuma ya duka, bila mtu kusema neno. Tangu hapo mama huyo haji Kampala bila kunipigia.

Hatua ya 7: Ng'ambo, ikiwa umeamua

Kyeyo, yaani vibarua vya ng'ambo, imejenga nyumba nyingi, na mimi si wa kumkataza mtu. Kampuni inayokupeleka iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na safari yako iandikishwe kwenye mfumo wa wizara wa ajira za nje. Jina la kampuni lihakikishe wizarani mwenyewe, usiridhike na karatasi iliyotundikwa ofisini mwao. Mkataba uusome kabla ya kulipa, kila shilingi iwe na risiti, na nakala iachwe kwa ndugu.

Akikwambia utaondoka na viza ya matembezi halafu "mambo yatapangwa huko", usiende. Kazi ya kompyuta yenye mshahara wa dola inayotangazwa ya Thailand imewafikisha Waganda kwenye kambi za utapeli mpakani mwa Myanmar, ambako ilibidi waokolewe.

Mwili na kichwa

Niseme kidogo, kwa kuwa wanaume wenzangu hulipita hili haraka. Kuna asubuhi hutaki kuamka. Amka, oga, toka nje kabla ya saa mbili, hata kama ni kufagia uwanja. Kafunda, kibaa cha jirani, inakaribisha kuanzia saa nne na pombe ya waragi ni rahisi, lakini watu unaotaka wakukumbuke kwa kazi wanapita barabara ileile. Usingizi ukikukimbia wiki nyingi, au ukaanza kuona afadhali usingekuwepo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili, au Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Mwambie pia mtu mmoja siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Ukipata

Usiruke kwa furaha ukasahau karatasi. Mwajiri anatakiwa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya wiki kumi na mbili kupita. Yaombe wiki ya kwanza, kwa tabasamu. Uliza NSSF, sasa kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mwezi wa tatu angalia kama imeingia. Mwezi wa dhiki ulioandikwa kwenye daftari uendelee nao kwa mishahara mitatu ya kwanza, tofauti uiweke mahali ambapo mkono haufiki upesi. Na rudi kwa wale arobaini, uwaambie umepata, wasiendelee kukutafutia. Wengine wao watakuwa wamekaa nyumbani.

Mimi nilipolipwa mara ya kwanza nilimpelekea afande soda na chapati mbili. Alikula polepole, akafuta vidole kwenye suruali ya sare, akauliza kama mama wa Bunia ana bohari ya usiku isiyo na mlinzi, kwa sababu mwanawe wa pili amerudi kutoka kazini na barua.